Nimelinda benchi masaa matano: kliniki moja ya presha, Kampala

Mtu akilalamika kuhusu kungoja, ni haki msomaji ajue anayelalamika ni nani. Mimi ni dereva wa trela. Nimezaliwa Mombasa, nimeoa Tororo, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa barabara ile ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini mpaka Kampala. Kungoja ndiko kunakonilisha. Nangoja kontena, nangoja mizani ya Mariakani, ya Gilgil, ya Webuye, nangoja karatasi mpakani. Januari 2022, siku za vipimo vya Korona, nililala Malaba kwenye foleni usiku nne, nikapika ugali chini ya trela na kunyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Kwa hiyo nikikwambia kungoja kwa kliniki hii kumenishinda, usinidhanie mwepesi.

Jina lake silitaji. Iko juu ya kilima kimoja, na Kampala vilima havihesabiki. Ghorofa ya pili, ya kulipia, viti vya ngozi, na daktari wake wa presha ni bingwa kweli. Yeye nitamrudia.

Siku mbili kabla, ujumbe uliingia kwenye simu kwa Kiingereza: jina langu likiwa limekosewa herufi mbili, tarehe, na 9:00. Chini yake, nisile chochote kuanzia usiku, kwa sababu watapima sukari. Basi jioni ile nikala ugali na samaki saa mbili kule yadi, upande wa Nakawa, nikafunga mdomo. Asubuhi nikachukua boda, elfu sita za Uganda, nikaingia saa mbili na dakika thelathini na tano. Mashine ikanitemea kikaratasi namba 9. Nikajipongeza. Namba tisa, saa tatu, saa nne niko nje nakula.

Dada wa dawati ana sauti nzuri. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kisha akamaliza kwa Kiganda: "Lindako katono, ssebo." Ngoja kidogo, bwana. Mnisamehe wajuzi wa lugha, lakini neno hilo lilinichekesha: kwao kulinda ni kungoja, kwetu kulinda ni kazi ya askari wa usiku. Siku ile maana zote mbili zilikutana kwangu, maana nililinda benchi lile kama nimeajiriwa. (Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilivyorekebishwa 2005. Bado kiko njiani kuelekea dawati lile. Labda nacho kimeambiwa lindako.)

Ilipogonga saa tatu chumba kilikuwa kimejaa. Ndipo nikafanya kosa la kuuliza. Mama wa kulia kwangu alikuwa na ujumbe wa 9:00. Kijana wa kushoto, aliyemleta baba yake kutoka Mityana, 9:00. Watu tisa niliwauliza, na wote tisa tumeitwa saa ileile kumwona daktari mmoja. Mie si msomi, lakini hata bandarini hawaiti trela tisa kwenye winchi moja kwa dakika moja. Na wakiita, atatokea mtu na redio mkononi akwambie: wewe ni wa sita, kalale.

Daktari mwenyewe alipanda ngazi saa tano kasoro dakika ishirini. Askari wa getini, mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka, alikuwa ameshanieleza nilipotoka kunyoosha miguu. Daktari huanza hospitali kubwa ya serikali, apitie wodi, ndipo aje huku. Kila wiki, siku ile. Simlaumu daktari, wengi hapa wanafanya kazi sehemu mbili, na wale wa wodini ni wagonjwa kama mimi, tena hoi kuliko mimi. Ila askari anajua. Mfagiaji anajua. Muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) nje ya geti anajua, ndiyo maana kikaangio chake hakipandi jikoni mpaka saa nne. Asiyejua ni mgonjwa tu, na anayemwandikia mgonjwa 9:00 anajua kuliko wote.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Maabara ilikuwa wazi tangu saa mbili. Niliona mlango, niliona kijana wa maabara akicheza na simu yake. Lakini bila fomu yenye sahihi ya daktari hakuna anayetolewa damu. Daktari hayupo, sahihi haipo, na sisi wa sukari tumekaa na matumbo matupu tangu jana. Mie nina tumbo la dereva, nimezoea shida. Mama wa kulia kwangu hakuwa hivyo. Ni mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Bunia, Kongo, miaka sitini hivi, ana sukari ya siku nyingi. Alielewa kwamba asile. Hakuna aliyemwambia habari ya vidonge vyake vya sukari, basi alivimeza alfajiri kwa maji kama kawaida. Kidonge kinashusha sukari, na chakula hakuna.

Kama saa nne na nusu akanishika mkono. Kiganja kimelowa jasho, na chumba kina feni. "Papa," akaniambia, "macho yangu inaona giza." Nilitazama vidole vyake: vilikuwa vinacheza juu ya mkoba, tap, tap, tap, kama injini isiyotulia asubuhi ya baridi ya Timboroa. Nimewahi kuwa na utingo mwenye sukari. Ninaijua hali ile. Nikasimama nikaita sista. Dawati likanijibu: "Lindako katono." Nikashuka ngazi mbilimbili, nikanunua soda pale getini, nikarudi nikamnywesha. Nusu chupa, taratibu. Dakika kumi baadaye vidole vikatulia, akafungua macho, akaniuliza soda ni shilingi ngapi.

Hapo ndipo sista alipotokea. Akatazama chupa. "Nani amempa soda? Kipimo kimeharibika, itabidi arudi siku nyingine."

Sikujibu. Nina presha.

Ila nilijiuliza, na hadi leo najiuliza: fomu ile kwa nini isisainiwe siku ya mwisho mgonjwa alipokuja? Daktari anajua miezi miwili mapema kwamba atataka sukari ya kufunga. Angeisaini siku ileile, mgonjwa akaja saa mbili, akatolewa damu, akala, akamsubiri daktari akiwa na kitu tumboni. Haihitaji mashine mpya. Inahitaji kalamu. Mimi damu yangu ilitolewa saa tano na robo, yaani masaa kumi na tano tangu samaki wangu wa Nakawa. Nilishuka nikala rolex mbili, mayai mawili kila moja, nikasimama wima, na yule kijana wa kikaangio akanitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea.

Niliporudi namba ilikuwa ya 3. Katikati wakaingia watu wa bima, ambao wana namba zao, na bwana mmoja mwenye simu sikioni ambaye hakuwa na namba yoyote. Televisheni ukutani ilionyesha mpishi akikata vitunguu, bila sauti, mara nne, mpishi yuleyule.

Utasema basi nenda serikalini, ni bure. Ni kweli, ada ziliondolewa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, na mimi nilianzia huko, kituo kimoja karibu na nyumbani kwa mke wangu. Kliniki ya presha ni siku moja kwa wiki. Unafika alfajiri na daftari lako la shule lenye historia ya ugonjwa wako, unaliweka juu ya meza, wa pili analiweka juu ya lako, wa tatu juu ya lile. Siku moja nilifika wa kwanza kabisa, jogoo hajawika. Sista akaja, akachukua rundo lote kwa mikono miwili, akaanza kuita kuanzia la juu. Aliyefika mwisho akaingia mwanzo. Nilikuwa wa arobaini na moja. Lakini sikiliza: pale yupo mtabibu mmoja kwa wilaya nzima, ndivyo inavyoonekana, na hakuna aliyenitoza. Kungoja kule nilikuelewa. Huku nimelipa elfu themanini kabla sijakaa.

Zamu yangu ilifika saa nane kasoro dakika kumi. Kwanza sista akanipima. Alinikalisha juu ya kitanda kirefu, miguu inaning'inia kama mtoto, akafunga kitambaa mkononi huku akiniuliza namba ya simu ya mke wangu, na mimi namtajia. Mashine ikasema 171 kwa 104. Akatikisa kichwa kama nimemkosea.

Halafu daktari. Hapa lazima niseme haki. Aliitazama ile 171 akacheka kidogo, akasema hiyo ni presha ya benchi letu. Akanikalisha kwenye kiti cha kuegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akanikataza kusema, akaandika mambo yake dakika tano. Akauliza kwanza kama nataka kwenda haja ndogo, kwa sababu kibofu kikijaa nacho kinapandisha. Akapima: 146 kwa 90. Yaani alama ishirini na tano zilikuwa za ngazi, kitanda na maswali.

Kisha akaniambia nivue soksi. Mimi nilidhani ni utani. Akaminya mfupa wa mguu wangu kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale kama kwenye unga wa mandazi. Mwaka mzima nimekuwa nikilaumu kiti cha trela. Nimebadilisha viatu kutoka namba 42 hadi 43. Kumbe ni dawa yangu ya presha, amlodipini, inaweza kuvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Akapunguza kipimo, akaongeza kidonge kingine. Akaniuliza dawa nakunywa saa ngapi nikiwa safarini, nikasema ukweli, kwamba inategemea nimelala wapi. Akaniambia niifunge kwa mpira pamoja na mswaki: popote nitakapopiga mswaki asubuhi, awe Malaba awe Voi, kidonge kipo. Dakika ishirini na tano alikaa na mimi, na nje watu wamejaa, na hakutazama saa hata mara moja. Mtu wa namna hii unamngojea. Ndiyo maana nasema inaniuma: daktari kama huyu hahitaji kusaidiwa na uongo wa saa tatu.

Dawa nazo zina foleni yake, na dirisha la kulipia lina yake. Nikiwa hapo, saa tisa kasoro dakika kumi, akapanda ngazi mzee mmoja, kofia ya pama, viatu vimeng'aa, mgongo umenyooka kama bendera. Askari wa zamani; Kiswahili chake cha kambini kilimtangulia. Akaweka simu yake juu ya dawati na kutangaza amefika kabla ya wakati. Dada akasoma ujumbe. 9:00. Akamwambia kwa upole, mzee, hii ilikuwa asubuhi.

"Mimi nilisoma tisa. Tisa ni saa tisa. Sasa inakaribia saa tisa. Kosa ya nani?"

Waganda wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndiyo mwanzo, kwa hiyo nusu ya chumba walikuwa upande wake. Dada hakuwa na jibu, akamtolea kikaratasi. Watu wengi walikuwa wamekwisha. Afande akaketi, akafungua gazeti, na kabla hajafika kurasa za michezo akaitwa. Dakika arobaini tangu alipopanda ngazi. Amekula chakula cha mchana kwake, kanywa chai, kaja, kaonwa. Katika chumba kizima, mtu pekee aliyehudumiwa vizuri ni yule aliyekosea saa.

Mama wa vitenge alikuwa bado yupo. Daktari alipopata habari alimwita mwenyewe, akampima kidoleni, akamwandikia kile cha kumeza na kile cha kuacha siku ya kufunga. Kiswahili cha daktari ni kibovu kuliko Kiganda changu, lakini alichora jua na kikombe, mama akaelewa.

Sasa alama, kwa wanaotaka alama: daktari tano kwa tano, maabara tatu, choo safi, dawati moja, nayo ni kwa sababu ya ile sauti.

Wakati wa kutoka dada alinipa karatasi ya kurudi baada ya wiki nane. 9:00. Nikamshukuru kwa Kiganda changu cha barabarani, weebale nnyo nnyabo, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikainama kidogo nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama watu wanaopeana bei: mwenyewe hufika saa ngapi hasa? Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaigeuza karatasi, akaandika 5 kwa kalamu ya bluu, akaizungushia duara, akanirudishia bila neno.

Karatasi nimeibana kwenye kinga jua ya kabini. Jana utingo wangu aliisoma akasema siku hiyo tutoke yadi saa moja, jamu ya Jinja Road isije ikatuchelewesha. Nikamwambia aigeuze.