PhotoRec na barua pepe zilizofutwa: tathmini baada ya kuitumia nyumbani

PhotoRec ni programu ya bure ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, na hupakuliwa katika furushi moja na ndugu yake, TestDisk. Jina lake linapotosha kidogo, kwani mtu hudhani ni ya kuokoa picha tu, ilhali inatambua mamia ya aina za mafaili, yakiwemo ya PST ya Outlook, ya DBX ya Outlook Express ya zamani, na barua za Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta. Mimi niliitafuta kwa ajili ya hizo za mwisho, na tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake.

Kosa lilikuwa langu. Ninatunza mawasiliano ya chama chetu kidogo cha kuweka na kukopa kwenye kompyuta ya mezani iliyopo nyumbani, kwa Thunderbird iliyounganishwa kwa njia ya POP3, yaani ile ya kuzishusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, na nilikuwa nimeipanga ifute barua kwenye seva mara inapozishusha, kwa hiyo nakala pekee ilikuwa ile iliyomo kwenye diski yangu. Siku moja nikaona kikasha kimevimba, nikachagua barua za miaka minne nikiamini kwamba nilikwisha kuzinakili kwenye folda nyingine, nikazifuta huku nimeshikilia kitufe cha Shift ili zisipitie kwenye pipa la taka. Baadaye programu ikaniuliza kama ningependa folda zibanwe ili kuokoa nafasi, nami nikakubali bila hata kusoma swali lenyewe. Siku mbili zilipita kabla sijagundua kwamba ile nakala niliyoitegemea haikuwepo.

Kukubali huko ndiko kulikoharibu mambo, na inafaa kuelezwe kwa sababu watu wengi hulipia huduma ya kurejesha barua ambazo bado wanazo. Thunderbird huhifadhi kila folda kama faili moja refu la maandishi, barua moja ikifuatwa na nyingine, na kando yake huweka faili dogo lenye kiambishi cha msf ambalo ni faharasa tu. Ukifuta barua, maandishi yake hayaondolewi kwenye faili lile refu. Kinachobadilika ni tarakimu katika mstari unaoanza na X-Mozilla-Status, ambapo barua iliyosomwa, yenye alama 0001, hupewa alama 0009, na kuanzia hapo programu haiionyeshi tena. Barua huondoka kweli pale tu folda inapobanwa, kwa kuwa hapo programu huandika faili jipya lisilo na barua zilizofutwa na kulitupa lile la zamani. Ningelikataa kubana, ningeifunga Thunderbird, nikalifungua faili hilo kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, nikazirudisha tarakimu zilivyokuwa, nikalifuta faili la msf ili faharasa iundwe upya, na kazi ingekuwa imekwisha bila ya kumlipa mtu.

Kwa kuwa nilikwisha kubana, tumaini lililobaki lilikuwa lile faili la zamani, ambalo mfumo wa kompyuta ulikuwa umelifuta kama unavyofuta faili lolote, yaani kwa kuitangaza nafasi yake kuwa tupu bila kuisugua. Fundi niliyemwendea kwanza alitaka malipo kabla hajaitazama diski, nikaondoka nayo. Kisha nikajaribu programu moja ya kulipia, ambayo toleo lake la majaribio lilinionyesha orodha ndefu ya vichwa vya barua zangu na kunidai fedha nilipotaka kuihifadhi hata barua moja. Sisemi kwamba ni udanganyifu, kwa maana masharti yalikuwa yameandikwa, lakini iliniudhi, na ndiyo iliyonisukuma kwenye PhotoRec.

Sharti la kwanza katika kazi hii ni kutoandika chochote kwenye diski unayotaka kuiokoa, kwa kuwa kila faili jipya linaweza kuangukia juu ya barua zako. PhotoRec yenyewe husoma tu diski hiyo bila kuiandikia, na haihitaji kusakinishwa, hivyo niliiendesha kutoka kwenye flashi na kuielekeza iweke mavuno yake kwenye diski ya nje. Sura yake ya kawaida ni dirisha jeusi la maandishi linaloongozwa kwa vitufe vya mishale, jambo ambalo litamtisha mtu asiyelizoea. Kwa bahati nzuri furushi lina pia QPhotoRec, yenye vitufe vya kubofya, na hiyo ndiyo ningempa jirani yangu. Unachagua diski, kisha sehemu ya diski, kisha unaamua kama itafutwe nafasi tupu pekee au sehemu nzima. Nilichagua nafasi tupu, kwa sababu faili langu lilikuwa limefutwa na sikuwa na haja ya kuletewa tena mafaili ambayo ninayo. Nilizima pia aina zote za mafaili isipokuwa ya maandishi, maana barua za Thunderbird ni maandishi matupu. Diski yangu ni ya kuzunguka, ya GB 500, na kazi ilichukua saa tatu na ushee.

Hapa ndipo mtumiaji wa nyumbani anapoweza kukata tamaa. PhotoRec haijali majina wala folda. Hutambua faili kwa namna linavyoanza, ikalikata, ikalipa jina la herufi na tarakimu, na kulitia katika makabrasha yanayoitwa recup_dir yenye namba zinazofuatana. Nilijikuta na maelfu ya mafaili ya maandishi, mengi yakiwa mabaki ya kurasa za intaneti na taarifa za ndani za programu nisizozijua. Kuyafungua moja moja ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Nilichofanya ni kutafuta ndani yake maneno X-Mozilla-Status, na utafutaji huo mmoja ukaniachia mafaili yasiyofika thelathini, mojawapo likiwa kubwa kuliko mengine yote kwa mbali.

Nililinakili faili hilo kubwa kwenye kabrasha la folda za ndani za Thunderbird, nikaliondolea kiambishi, nikafungua programu, na folda mpya ikajitokeza ikiwa karibu tupu. Kwa dakika kadhaa nilidhani nimepoteza siku nzima. Kisha nikakumbuka kwamba faili nililolipata ni lile la kabla ya kubana, kwa hiyo barua zote nilizozifuta zilikuwa bado na alama ya kufutwa, na Thunderbird ilikuwa inazificha kama nilivyoiagiza mwenyewe. Nikabadilisha 0009 zote kuwa 0001, na mamia ya barua yakarudi. Zilizokosekana zilikuwa hasa zile nilizozijibu, yaani zilizo muhimu zaidi, kwa sababu barua iliyosomwa na kujibiwa hubeba alama 0003, na ikifutwa huwa 000b, si 0009. Jambo hili dogo ningependa lingeandikwa kwa herufi kubwa kila mahali panapoelezwa namna ya kurejesha barua za Thunderbird.

Mwisho wa yote nilipata takriban barua 1,100 kati ya 1,400 au zaidi kidogo. Hasara hiyo siilaumu programu. Faili kubwa mara nyingi halikai mahali pamoja kwenye diski bali hugawanyika vipandevipande, na kwa kuwa PhotoRec haifuati ramani ya mfumo wa mafaili, inapofika mwisho wa kipande haina njia ya uhakika ya kujua kipande kinachofuata kiko wapi. Viambatisho ndivyo vilivyoumia zaidi, kwa sababu vimo ndani ya barua yenyewe kama msururu mrefu wa herufi, na msururu ukikatika katikati, hati haifunguki. Kwa mwenye diski ya SSD, yaani isiyo ya kuzunguka, matumaini ni madogo zaidi, kwani diski hizo huarifiwa mara moja kuhusu nafasi iliyoachwa na huweza kuifuta kabisa muda mfupi baadaye. Huyo nisingemshauri alipe mtu kabla ya kuelezwa ukweli huo.

Watumiaji wa Outlook waanze kwingine. Toleo lake la kawaida la Windows (Outlook classic) huja na chombo chake, SCANPST, ambacho hutengeneza faili la PST lililoharibika na kujitolea kuweka nakala yake kwanza. Kinafaa pale faili linapokataa kufunguka, si kwa barua uliyoifuta kwa mkono wako. Wa Gmail wana siku 30 za kuitoa barua kwenye taka.

Kwa hiyo PhotoRec naipa alama nzuri kwa uwezo na kwa bei isiyokuwepo, na alama ya chini kwa namna inavyomwachia mtu rundo lisilo na majina. Barua tatu za mhasibu wetu zenye taarifa za mwaka hazikutoka nzima hata baada ya kuipitisha tena, safari hii kwenye sehemu nzima ya diski. Nilimpigia simu, akafungua folda yake ya barua alizozituma, na kwa dakika kumi akawa amezirudisha zote tatu pamoja na viambatisho vyake.