Kiropraktiki ya mkono mwepesi kwa kiuno na shingo: uzoefu wangu baada ya ziara nane

Nilipeleka maumivu mawili kwa tabibu wa kiropraktiki, tiba ya uti wa mgongo na viungo inayofanywa kwa mikono: kiuno cha kulia, yakishuka hadi kwenye tako bila kuvuka goti, na shingo iliyokataa kugeuka kushoto kila asubuhi. Ziara nane kwa wiki tano. Sikuvunjwa shingo hata mara moja kwa ule mtindo wa kuzungusha ghafla ambao watu wengi huuogopa, na bado nilipata nafuu ninayoweza kuipima. Ninaipendekeza huduma hii, ila kwa masharti. Neno "upole" linatumika ovyo, na wengi hudhani maana yake ni kubonyezwa taratibu tu.

Upole unaanza kabla hujapanda mezani. Ziara ya kwanza ilichukua takriban dakika 50, na zaidi ya nusu yake ilikuwa maswali na vipimo. Niliulizwa kama mkojo unagoma au unatoka bila kujizuia, na kama kuna ganzi katikati ya mapaja, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Nikaulizwa kuhusu homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, maumivu yanayozidi usiku hata nikiwa nimetulia, kuanguka, mifupa kudhoofika, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na dawa za kuzuia damu kuganda. Kila swali lina kazi. Ganzi ya tandiko pamoja na mkojo kugoma huashiria kubanwa kwa fungu la neva zilizo mwishoni mwa uti wa mgongo, na mtu wa namna hiyo anakimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika kwa msukumo ambao mwingine hata hausikii. Mahali unapolazwa ndani ya dakika tano bila kuulizwa hata moja kati ya hayo, shuka uvae viatu vyako.

Kisha vipimo. Unatembea kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole: kushindwa kutembea kwa visigino kunaelekeza kwenye neva za pingili ya nne na ya tano za kiuno, na kushindwa kusimama kwa vidole kunaelekeza kwenye neva ya kwanza ya sakramu, mfupa ulio chini ya pingili za kiuno. Unainua kidole gumba cha mguu huku tabibu akikizuia. Nyundo ya mpira inapigwa chini ya pia ya goti na nyuma ya kifundo. Mwisho unalala chali na mguu ulionyooka unainuliwa. Maumivu yakichomoka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, neva inashukiwa. Wangu ulivuta nyuma ya paja tu, jambo la misuli iliyokaza. Kwa shingo, kichwa kinalazwa nyuma na pembeni kisha kinakandamizwa kidogo kwa kutoka juu, ili kuona kama maumivu yatateremka mkononi.

Eksirei haikupigwa, na hilo nililihesabu kuwa alama nzuri. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, picha katika wiki sita za mwanzo mara nyingi haibadilishi matibabu. Inaonyesha diski, yaani vile vifuto vilivyo kati ya pingili, zilizopungua unene na pingili zilizoota ncha, mambo yanayoonekana pia kwa watu wengi wasioumwa kabisa, halafu mgonjwa anarudi nyumbani akitembea kama aliyebeba mayai.

Sasa mezani. Kilichonisaidia zaidi kwa kiuno ni meza iliyokatwa sehemu mbili, ambayo nusu ya miguuni hushuka na kupanda taratibu. Unalala kifudifudi. Tabibu anaweka kiganja juu ya pingili moja na kuishikilia, kisha kwa mkono wa pili anashusha sehemu ya miguu kidogo, anaiachia irudi, anashusha tena. Kila mzunguko ni kama sekunde nne, mizunguko mitano, halafu anapumzika na kurudia, jumla seti tatu. Unachosikia ni mvuto mpana, kama kiuno kinarefushwa kidogo, na pumzi inashuka yenyewe. Kabla ya kuanza, alijaribu kwa mvuto mdogo sana na kuuliza kila pingili: "Kuna kinachoshuka mguuni?" Hilo ndilo swali la maana kuliko yote kwenye meza hii. Maumivu yakihama kutoka mguuni kuelekea kiunoni, mnakwenda vizuri. Yakishuka mbali zaidi, kwenye shavu la mguu au unyayo, mvuto unapunguzwa au unaachwa. Kosa linalofanyika ni kufunga vifundo vya miguu kwa mikanda tangu ziara ya kwanza na kuvuta kwa nguvu. Kiuno kilichovimba ndani kinajibu kwa kukaza zaidi usiku.

Nyonga ilifanyiwa kazi kwa meza yenye kipande kinachoinuliwa kidogo kisha kudondoka. Msukumo wa mkono ni mdogo, kudondoka kwa kipande ndiko kunakosaidia. Mlio wake ni mkubwa kuliko unachokisikia mwilini, kwa hiyo mwambie tabibu akupigishe mara moja bila kukugusa, uuzoee. Mwili unaoshtuka unakaza misuli, na msukumo mwepesi ukikutana na misuli iliyokaza haufiki popote.

Kuna pia kifaa cha springi, mfano wa kalamu nene yenye ncha ya mpira. Kinagonga haraka mno kiasi kwamba misuli haipati muda wa kujihami. Kwenye pingili za mgongo wa juu, katikati ya makombe ya mabega, nilikipenda. Kwenye kiuno sikuona tofauti. Na kabari mbili zinazowekwa chini ya nyonga ili uzito wa mwili wenyewe ufanye kazi kwa dakika kadhaa: zinapumzisha, lakini kama ningeondolewa kitu kimoja kwenye ziara, ningeondoa hizo.

Shingo ndiyo iliyonifanya nitafute mkono mwepesi. Mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo inapanda kupitia matundu ya pingili za shingo, na juu kabisa inapinda kuizunguka pingili ya kwanza. Msukumo wa ghafla wa kuzungusha shingo umehusishwa, kwa nadra, na kuchanika kwa ukuta wa mshipa huo na hatimaye kiharusi. Kuna upande wa pili ambao watu hawaambiwi: mshipa unaweza kuwa umeshaanza kuchanika, na maumivu ya shingo ndiyo yaliyomleta mgonjwa. Kwa hiyo maumivu mapya makali ya shingo au kisogo usiyowahi kuyapata, yakiandamana na kizunguzungu, kuona viwili-viwili, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, uso kufa ganzi au kuyumba, yapelekwe hospitali. Hakuna tabibu makini atakayegusa shingo hiyo. Wangu alinieleza hatari hii kwa maneno yake kabla ya kuomba ridhaa, na aliponipa nafasi ya kukataa aina yoyote ya msukumo shingoni, nikakataa. Haikumsumbua.

Badala yake tulifanya hivi. Unalala chali, kichwa kiko kwenye viganja vyake, ncha za vidole zimekaa chini ya kisogo, kwenye ile misuli midogo inayoshikilia fuvu. Anaacha uzito wa kichwa wenyewe uzame kwenye vidole kwa dakika moja au mbili. Kisha anageuza kichwa kushoto hadi pale kinapoanza kugoma, hapohapo, si zaidi. Unasukuma kichwa kurudi kulia dhidi ya kiganja chake kwa nguvu kidogo, kama moja ya tano ya uwezo wako, kwa sekunde tano hadi saba. Unalegeza, unatoa pumzi, na shingo inaongeza sentimita yake bila kulazimishwa. Mara tatu, kisha upande wa pili. Kosa la kawaida ni la mgonjwa: anasukuma kwa nguvu zote, misuli ya mbele ya shingo inaingilia, na anaondoka na kichwa kinachouma.

Kuhusu ule mlio wa "ka!", watu wanaulipia kana kwamba ndiyo dawa. Ni mapovu ya gesi kwenye ute wa kiungo pale nyuso zake zinapoachana haraka, jambo lilelile linalotokea ukivuta kidole. Kiungo hicho hakitalia tena kwa kama dakika 20. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Pingili iliyohama kweli ni kazi ya daktari wa upasuaji. Wazo la pingili zilizokaa vibaya kuwa chanzo cha karibu kila ugonjwa limeanzia kwa Daniel David Palmer, aliyeanzisha kiropraktiki mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, na bado kuna wanaoliuza. Ukiambiwa kwamba mgongo wako ukinyooshwa, pumu au kisukari kitaondoka, hapo unauziwa kitu kingine kabisa. Kwa mgongo wenyewe ushahidi si wa nguvu lakini upo: mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani uliweka tiba ya kunyoosha uti wa mgongo miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno, na Shirika la Afya Duniani liliijumuisha kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 wa maumivu sugu ya kiuno.

Baada ya ziara ya pili nilipata maumivu ya kuchoka, kama ya mtu aliyelima siku nzima baada ya kupumzika muda mrefu. Hiyo ni kawaida, huisha ndani ya saa 24 hadi 48. Isiyo kawaida ni ganzi mpya, udhaifu wa mguu au mkono, au maumivu yanayozidi siku ya tatu. Hayo unapiga simu. Kitambaa cha moto kwa dakika 15 hadi 20, kikiwa na taulo kati yake na ngozi, kinatosha. Tembea dakika kumi kabla ya kukaa kwenye kiti cha gari. Ushauri wa kunywa maji mengi "kutoa sumu iliyofunguliwa" upuuze, hakuna sumu inayofunguliwa.

Kuna kasoro moja ya huduma yenyewe niliyoiona mara mbili: kipande cha kichwa cha meza kiliachwa juu kuliko kifua. Ukilala kifudifudi hivyo kwa dakika 15, shingo inakunjwa nyuma muda wote, na kazi nzuri ya kiuno inakuachia kisogo kinachogonga. Kishushwe kidogo chini ya usawa wa kifua, kidevu kielekee ndani. Sema mapema, usione aibu. Sikupenda pia kipimo cha kulinganisha urefu wa miguu kwa kutazama visigino. Matokeo yake hutegemea mno ulivyolala na jinsi viatu vilivyoshikwa, na nisingekubali mpango wa matibabu uliojengwa juu yake.

Mazoezi ndiyo yaliyoshikilia nafuu kati ya ziara na ziara. La shingo: kaa wima, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja kana kwamba unakwepa mtu anayekukaribia uso, shikilia sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Wengi huinamisha kichwa wakidhani wanarudisha kidevu. Macho yakiangukia sakafu, umekosea. La kiuno: piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde nane hadi kumi, badilisha. Mara sita kila upande, pumzika, mara nne, pumzika, mara mbili. Mguu usipande juu ya usawa wa nyonga, la sivyo kiuno kinazama na unakifanyia kazi kilekile kilichokuumiza.

Vipimo vya maendeleo viliandikwa ziara ya kwanza na kurudiwa ya sita. Kidevu changu kilikuwa kinaishia nusu ya njia kuelekea bega la kushoto. Sasa kinakaribia kulifikia. Kukaa bila kiuno kuuma kulitoka dakika 20 hadi saa moja na zaidi. Sidai kwamba yote yametokana na meza, maana maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na mazoezi nayo yana sehemu yake. Ndiyo maana ya kuwekeana kikomo: ziara sita hadi kumi na mbili, kwa kawaida mbili kwa wiki mwanzoni, halafu mnapima. Pasipo badiliko kufikia ziara ya sita, mpango ubadilishwe au upelekwe kwingine. Mahali pengine nilipouliza kabla ya hapa nilitakiwa kulipia ziara arobaini mkupuo mmoja, kabla mtu yeyote hajanigusa mgongo. Nikaaga.

Siku ya kwanza vaa suruali laini isiyo na mkanda wala vifungo vya chuma, toa simu na funguo mifukoni, na beba orodha ya dawa zote unazotumia, hasa za damu na mifupa. Mjamzito aseme mapema: meza ina sehemu ya tumbo inayoshushwa, na baadaye kazi yote hufanyika akiwa amelala ubavu.