Jeeves and Wooster: Fry na Laurie katika Nyumba ya Wodehouse

Mfululizo wa televisheni wa Jeeves and Wooster, uliotengenezwa na Carnival Films kwa ajili ya kampuni ya televisheni ya Granada na kuonyeshwa na ITV nchini Uingereza kati ya mwaka 1990 na 1993, una vipindi 23, na anayetaka kununua mkusanyo mzima wa DVD afahamu mapema kwamba misimu miwili ya kwanza ndiyo inayostahili fedha zake.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Katika hadithi za mwandishi Mwingereza P. G. Wodehouse kuhusu mtumishi Jeeves na bwana wake, msimulizi karibu wakati wote ni bwana huyo, Bertie Wooster, kijana tajiri ambaye akili zake ni haba lakini sentensi zake zinang'aa, na kicheko huzaliwa katika pengo hilo. Kamera haina msimulizi. Hugh Laurie, anayemwigiza Bertie, anaziba upungufu huo kwa macho yanayochelewa kuelewa, kwa sauti ya mtu anayejiamini bila sababu, na kwa nyimbo za enzi hiyo anazoziimba mwenyewe huku akipiga piano.

Stephen Fry, anayemwigiza Jeeves, kwa upande wake hakiombi kicheko hata kidogo. Akiwa mvulana wa shule alimwandikia Wodehouse, akajibiwa kwa picha yenye saini, na heshima ile ya msomaji inasikika anapoyatamka maneno ya Jeeves kana kwamba kila silabi imekwisha kupigwa pasi. Laurie naye alichapisha riwaya yake ya kuchekesha, The Gun Seller, mwaka 1996, na anayeisoma baada ya vipindi hivi hatapata shida kumtambua mwalimu wake.

Kuanzia msimu wa tatu, unaofunguliwa kwa visa vya New York, mambo yanalegea: lafudhi za Kimarekani hazishawishi, na vurugu zinachukua nafasi ya mazungumzo. Isitoshe, Dahlia, shangazi yake Bertie, ameigizwa na waigizaji wanne tofauti katika misimu minne, jambo linalomchanganya mtazamaji kuliko hila zote za Jeeves. (Muziki wa Anne Dudley, hata hivyo, haushuki.)

Pa kuanzia ni vipindi viwili vya mwanzo vya msimu wa pili, vilivyotokana na The Code of the Woosters ya mwaka 1938. Kitabu kisomwe kwanza, kwa kuwa baadhi ya mizaha yake bora imo katika usimulizi, na usimulizi huo hata Laurie hakuweza kuuigiza.