Sony A7S III kwenye kiza cha Amu: msiiogope ISO 12800

Asalamu aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Hapa niliposimama ni uchochoro mmoja wa Langoni, hapa Amu (Lamu), saa tatu na robo usiku. Sijawasha taa yoyote. Mwanga mnaouona usoni mwangu unatoka kwenye balbu moja ya barazani kwa jirani, hatua kumi na tano kutoka hapa. Kwa macho yangu hapa ni kiza. Huyu punda aliyesimama nyuma yangu nilimjua kwa pumzi zake kabla sijamwona, lakini nyinyi huko mnamwona mpaka masikio. Kamera inayonichukua ni Sony A7S III, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, nimeiweka 12800.

Namba hiyo ndiyo iliyonileta leo. Wapiga video wengi wa huku pwani wanaiogopa, na uoga huo unatuharibia kazi. Mimi uliniharibia harusi ya watu. Niliitwa kupiga video ya kirumbizi, ngoma ya fimbo, usiku, uwanja una taa mbili tu, zote upande mmoja. Nilikuwa na kamera ya kukodi, na nilishaambiwa mara nyingi nisivuke ISO 1600, picha itajaa chenga, yaani vidoadoa. Nikatii. Kufika nyumbani nafungua kompyuta, kanzu zinaonekana, fimbo zinaonekana kwa shida, nyuso hakuna. Nikaiongeza mwanga kwenye programu ya kuhariri, zikaibuka chenga za zambarau na kijani, zinatambaa kwenye mashavu ya wazee kama siafu. Mama wa bwana harusi akatazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona babake haonekani?" Siku ile sikuwa na la kumjibu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tunapokosea. Chenga zinaletwa na uhaba wa mwanga. Chukua vikombe kumi vya kahawa uvipange uani, mvua ya rasharasha ipite. Kimoja kitapata matone matatu, kingine moja, kingine kitabaki kikavu. Ikija masika, vyote vinajaa sawasawa. Mwanga nao huanguka tone tone kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni kikombe. Usiku ni rasharasha: pikseli hii imepata, ya jirani yake imekosa, na tofauti hiyo ndiyo chenga unazoziona. Ukiupata mwanga mara nne zaidi, usafi wa picha unaongezeka mara mbili. ISO haiongezi hata tone moja. Kazi yake ni kuukuza ule mwanga mdogo ulioingia. Ukiirekodi picha gizani kwa ISO ndogo halafu ukaikuza nyumbani kwenye kompyuta, umefanya kazi ileile kwa njia mbaya zaidi.

Sensa ya kamera hii ni ya fremu nzima, kama milimita 36 kwa 24, na ina pikseli milioni 12.1 tu. Kwa hiyo kila pikseli ni pana, kama mikroni 8.4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati za ndugu yake A7 III yenye pikseli milioni 24 ziko karibu 5.9. Video ya 4K inahitaji pikseli milioni 8.3, kwa hiyo hakuna kingi kinachotupwa.

Lakini siri kubwa iko kwenye ISO ya msingi, yaani ile ambayo sensa inafanya kazi kwa usafi zaidi, na hapa naomba mnielewe vizuri. Ukirekodi kwa S-Log3, mtindo wa Sony wa kurekodi video bapa ya kupakwa rangi baadaye, sensa hii ina misingi miwili. Wa kwanza ni 640, wa pili ni 12800. Kwenye ule wa pili saketi za sensa zinabadili namna ya kuukuza mwanga, na chenga zinazoletwa na saketi zenyewe zinapungua. Ndiyo maana ISO 10000 ina chenga nyingi kuliko 12800. Tazameni kioo. Kushoto ni 10000, kulia ni 12800, mlango ni uleule, dakika ileile. Angalieni pale kwenye kivuli chini ya nakshi, kati ya ua na mnyororo uliochongwa. Kushoto mbao inachemka. Kulia imetulia, hata ufa mdogo wa mti mnauona. Mimi sasa mchana napiga 640, jua likizama naruka moja kwa moja 12800. Hapo katikati sikai.

Juzi niliipeleka Mkunguni, mbele ya Ngome, nikakaa na muuza kahawa. Nikazima kila kitu changu, nikamsogelea. Makaa mekundu chini ya dele la kahawa, mvuke unapanda, mkono wake unamimina. Makaa hayakuungua kuwa doa jeupe. Wekundu wake umebaki. Na ngozi ya mkono wake imebaki ngozi yetu, ya kahawia yenye uhai, haikugeuka kijivu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Kamera nyingi zinaonyesha ukuta wa chokaa vizuri usiku, kwa sababu ukuta mweupe unarudisha mwanga. Ijaribuni kwenye uso mweusi na buibui jeusi. Kwenye 12800 mikunjo ya buibui bado inasomeka. Kwenye 25600 inasomeka kwa taabu. Kwenye 51200 ningepiga kama jambo halirudiwi tena, mtu ametoka safarini, mtoto amezaliwa. Namba ya 102400 na ile ya 409600 iliyoandikwa kwenye boksi, ziacheni hukohuko. Rangi zinakufa, na kamera inasugua chenga kwa ndani mpaka nakshi ya kofia inapotea, kofia inakuwa kama imefinyangwa kwa unga.

Kasoro nyingine? Pikseli milioni 12 ni chache kwa picha za mnato. Mteja akitaka picha kubwa ya ukutani na pia unapenda kukata fremu baadaye, utajuta.

Lenzi, jamani, lenzi! Nimeona mtu ananunua bodi ghali, yaani kamera bila lenzi, halafu anaivalisha lenzi ya f/4. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi. Kutoka f/4 hadi f/1.4 unaingiza mwanga mara nane. Nane! Mimi natumia 35mm ya f/1.4, na kwa vichochoro vyetu vyembamba ndiyo inayotosha. Shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, nayo iwe 1/50 ya sekunde kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu Kenya ni hezi 50. Ukiweka 1/60 baadhi ya taa zitapepesa kwenye video na hutaweza kuziondoa.

Bei: ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa kama dola 3,500 Marekani, bodi peke yake. Ni pesa nyingi, na siwezi kumwambia kijana anayeanza akope kwa ajili yake. Kuna ZV-E1 ya mwaka 2023, ina sensa ya aina hiyohiyo na ilianza kwa dola 2,200 hivi. Nafasi ya kadi ni moja tu, na haina kitundu cha kuchungulia. Kwa dada zetu wanaopiga harusi za ndani, wanaotaka kamera ndogo isiyowatisha wageni, mimi ningeanza na hiyo, pesa inayobaki nikanunua lenzi. Kwa anayepiga harusi kila wiki, kadi mbili, kama zinavyoingia kwenye A7S III, ni lazima. Kadi moja ikifa, harusi hairudiwi.

Kipande hiki cha mwisho nilikipiga kwenye Maulidi, mbele ya msikiti wa Riyadha. Mnajua Maulidi yetu hufikia kilele mwisho wa Mfungo Sita, mwezi umeshakonda, usiku kucha hauna msaada. Huyu mzee anayepiga tari alikuwa nje kabisa ya taa, na alinipa ruhusa nimkaribie. ISO 12800, f/1.4, 1/50. Tazameni kidole gumba kinavyoshika ukingo wa tari, halafu tazameni macho yake. Nanyamaza sasa, msikie na sauti.