Lala Bilbao, kula San Sebastián: uzoefu wangu katika nchi ya Wabaski

Kama una likizo fupi na umepania kufika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, chukua chumba Bilbao, halafu San Sebastián uende kwa basi. Wengi hufanya kinyume kwa sababu San Sebastián ndiyo yenye ufukwe maarufu wa La Concha. Lakini vyumba vyake wakati wa kiangazi ni ghali kupita kiasi, na Bilbao ina maisha yake hata wageni wakiondoka. Basi huchukua saa moja na dakika kidogo. Kuna pia treni ndogo ya Euskotren, inayopita mabondeni taratibu kwa zaidi ya saa mbili. Hiyo ni ya mtu asiye na haraka.

Bilbao iliishi kwa chuma na meli mpaka viwanda vyake vilipoanza kufungwa katika miaka ya 1980. Jumba la sanaa la Guggenheim, lililobuniwa na Frank Gehry na kufunguliwa mwaka 1997, limesimama kando ya mto Nervión, mahali palipokuwa na gati na maghala. Nilikuwa nimeshaliona kwenye picha mara nyingi, lakini picha haikuonyeshi jinsi mabati yake ya titani yanavyobadilika rangi kila wingu likipita. Ndani kilichonishika ni kazi ya Richard Serra: kuta ndefu za chuma chenye kutu, zilizopinda, unazipita katikati mpaka hujui umeelekea wapi. Maonyesho mengine hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia kuna nini kabla ya kulipa. Mwenye bajeti ndogo alizunguke tu kwa nje; hatajuta.

Hata hivyo, mimi nililipenda zaidi daraja la Vizcaya, la mwaka 1893. Unapanda metro hadi Areeta, unatembea kidogo, unakutana na fremu kubwa ya chuma iliyovuka mto juu kabisa ili meli zipite. Chini yake linaning'inia behewa linalobeba magari na watu kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, kama pantoni isiyogusa maji. Nauli ya mwenda kwa miguu haifiki euro moja. Ni urithi wa dunia wa UNESCO, na bado wenyeji hulitumia kwenda kazini.

Mpenzi wa soka asiondoke bila kufika uwanja wa San Mamés. Athletic Club, timu ya Bilbao, huchezesha wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika eneo la Wabaski tu, na leo miongoni mwa nyota wake ni ndugu Iñaki na Nico Williams, ambao wazazi wao walitoka Ghana wakavuka Sahara. Mkubwa anaichezea Ghana, mdogo Hispania. Kuona watoto mitaani wamevaa jezi zenye jina la Williams kulinifurahisha sana.

Tenga nusu siku kwa Gernika. Ndege za Ujerumani na Italia, zikimsaidia jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ziliupiga mji huu mabomu tarehe 26 Aprili 1937, siku ya Jumatatu, siku ya soko. Mwaloni ambao chini yake watawala waliapa kuheshimu haki za Wabaski ulisalimika. Mti uliopo sasa ni mchanga, wa ukoo uleule, na gogo la mti wa zamani zaidi limehifadhiwa karibu yake chini ya kibanda cha nguzo. Ule mchoro maarufu wa Picasso kuhusu shambulio hilo hauko hapa, uko Madrid. Hapa kuna nakala ya vigae ukutani, barabarani. Usiishie hapo, ingia pia makumbusho ya amani.

Sasa chakula, ambacho kwangu ndicho sababu ya safari. Mji mkongwe wa San Sebastián umejaa baa zenye pintxo, vitafunio vidogo vilivyopangwa kaunta. Usikae ukashiba mahali pamoja. Wenyeji hula kimoja au viwili wakiwa wamesimama, wanalipa, wanahamia baa ya pili. Anza na Gilda: dagaa wa chumvi, zeituni na pilipili ya kijani kwenye kijiti. Kisha acha vya kaunta, uagize vya moto vilivyoandikwa ubaoni, maana hivyo hupikwa pale pale. Ganbara wana uyoga wa kukaanga na kiini cha yai. La Viña wana keki ya jibini iliyoungua juu, laini katikati, nami nilirudia sahani. Ngisi kwa wino wake na marmitako, mchuzi wa jodari na viazi, viliniridhisha kuliko vyakula vyote vya mapambo.

Mimi sili nguruwe, na hapa nguruwe yuko kila mahali, hata ndani ya kroketi usizozidhania. Sema "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe wala paja lake la chumvi, kabla ya kuagiza. Kila mahali nilijibiwa kwa upole na kuonyeshwa vya samaki. Asiyekunywa pombe aombe mosto, juisi ya zabibu inayouzwa karibu kila baa. Na kumbuka saa: majiko mengi hufungwa kuanzia kama saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku. Ukifika saa kumi na mbili na njaa yako, utaambulia vya kaunta. Baa kadhaa nzuri pia hazifungui Jumapili usiku na Jumatatu.

Beba koti la mvua hata Julai, manyunyu huko hayana msimu. Nikipata nafasi tena nitakwenda kati ya Januari na Aprili, wakati nyumba za sida (pombe ya tufaha) za Astigarraga, nje kidogo ya San Sebastián, zinapofungua mapipa mapya na kupakua kimanda cha samaki wa chumvi, nyama ya ng'ombe ya mkaani, kisha jibini na jozi.