Huduma ya kupamba dirisha la duka: jioni inapendeza, mchana inapwaya

Kampuni niliyoikabidhi dirisha la mbele la duka langu la viatu na mikoba hujitangaza kwa wenye maduka madogo wasio na mpambaji wao wenyewe. Kazi yao imekaa mbele ya wapita njia msimu mzima sasa, na hukumu yangu ni kwamba ni mafundi hasa wa kupanga bidhaa, lakini jua hawakulitia hesabuni.

Nianze na upangaji, kwa kuwa huko ndiko walikostahili malipo yao. Kwanza walitoa karibu kila kitu kilichokuwemo dirishani, na katika nafasi ambayo zamani ilijaa viatu safu juu ya safu wakabakiza jozi nne na mikoba mitatu tu. Mkoba mkubwa mwekundu waliutundika kwa uzi mwembamba wa nailoni, kimo cha sentimita 150 hivi kutoka usawa wa njia, yaani pale macho ya mtu mzima anayetembea yanapotua yenyewe. Vitu vingine vyote vikashuka kutoka hapo kwenda pande mbili, vifupi mbele na virefu nyuma, hata jicho likishaukamata ule mkoba linateremka hadi kwenye viatu. Kiatu kimoja cha ngozi walikilaza ubavu ili mshono wa soli uonekane. Wateja kadhaa wameingia dukani wakiulizia mshono huo, swali ambalo sikuwahi kulisikia viatu vilipokuwa vimesimama vyote wima.

Taa nazo walizichagua kwa makini. Badala ya kuzielekeza chini moja kwa moja, jambo linaloleta vivuli vizito, walizifunga juu na kandoni zikimulika kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, zikiwa na mwanga wa kelvini 3000, yaani mweupe unaoelekea manjano, na uwezo wa kuonyesha rangi halisi unaozidi 90 katika kipimo kinachoishia 100, ndiyo maana ngozi ya kahawia huonekana kahawia na si kijivu. Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake London mwaka 1909, aliacha madirisha yakiwaka usiku hata baada ya kufunga. Nami nimeifuata desturi hiyo, kwani taa za LED hazili umeme mwingi.

Mchana mambo hubadilika. Nje kukiwa na mwanga mkali kuliko ndani, dirisha huwa kama kioo cha kujitazamia: mpita njia anaona magari, mawingu na sura yake mwenyewe, viatu havioni. Ubao wa nyuma walioupaka kijani kilichokoza, unaopendeza sana usiku, ndio unaozidisha tatizo, kwa sababu giza nyuma ya kioo huipa nguvu taswira ya nje. Tiba zinajulikana: ubao wa rangi nyepesi, bidhaa kusogezwa karibu na kioo, kivuli cha turubai juu ya dirisha, taa zenye nguvu zaidi saa za mchana. Hakuna hata moja waliyoipendekeza, wala sishangai, maana vipimo vyote walikuja kuvichukua jioni. Jua hilohilo limeufifisha mkoba mwekundu upande mmoja; utando wa kuzuia miale ya urujuanimno ungepunguza uharibifu huo, ingawa usingeumaliza.

Kifungu kimoja cha mkataba kinanikera: mwenye duka haruhusiwi kugusa chochote dirishani bila ridhaa yao hadi mwisho wa msimu. Ninaelewa kinakotoka. Mwaka 1939 mchoraji Salvador Dalí alikuta dirisha alilolipamba katika duka la Bonwit Teller, New York, limebadilishwa, akalisukuma beseni la kuogea lililokuwamo mpaka kioo kikavunjika naye akatokea barabarani. Hata hivyo mteja akiitaka jozi ya mwisho ya namba yake, nayo imo dirishani, sitaanza kumpigia mbunifu simu. Kuhusu bei, walitaka zisionekane kabisa. Nilisisitiza, wakaweka vikadi vidogo vyeupe kando ya bidhaa, na havijaharibu chochote.

Nitawapa msimu ujao kwa masharti mawili: waje kulitazama dirisha saa sita mchana, wakisimama ng'ambo ya barabara, kabla ya kuchora chochote, na mhudumu wangu aruhusiwe kutoa kiatu na kuweka kingine cha rangi hiyohiyo. La kwanza wamelikubali. La pili bado tunavutana.