Fiziotherapia Dodoma: unalipia nini hasa?

Kliniki nzuri ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, inajulikana siku ya kwanza, tena kabla mashine yoyote haijawashwa. Mgonjwa wa Dodoma ana njia tatu: idara za hospitali za serikali, kama Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa katikati ya mji, hospitali na kliniki za dini na za watu binafsi, na mtaalamu anayekufuata nyumbani. Kote huko unaweza kupona, na kote huko unaweza kuliwa hela bure. Usidanganywe na marumaru wala kiyoyozi. Angalia zile dakika 30 hadi 45 za mwanzo zinatumikaje.

Mtaalamu anayejua kazi anaanza na maswali: maumivu yalianza lini, ukiwa unafanya nini, yanashuka hadi wapi, usiku yanakuamsha, unatumia dawa gani, una kisukari, una ujauzito? Kisha anataka kuona eneo lenyewe, si kulipapasa juu ya suruali ya jinzi. Analinganisha upande mbovu na mzima, anapima goti linakunja nyuzi ngapi, anapima nguvu ya msuli, anakutazama ukitembea na ukiinuka kwenye kiti. Halafu anaandika namba. Bila namba za siku ya kwanza hakuna atakayejua wiki ya 4 kama umesogea au umezoea tu. Ukipokelewa, ukalazwa, ukabandikwa nyaya za umeme dakika 20 na kuambiwa uje kesho, umelipia usingizi.

Kwa hiyo vaa nguo inayorahisisha kazi: pensi au bukta kwa goti na nyonga, fulana ya mikono mifupi au singlendi kwa bega. Mwanamke avae bukta ndani ya dera au achukue kanga, na ana haki ya kuomba mhudumu wa kike awepo chumbani. Beba barua ya rufaa, karatasi za kuruhusiwa kama ulifanyiwa upasuaji, dawa unazotumia, na picha za eksirei kama unazo. Kadi ya bima iulizie dirishani kabla ya kupanga foleni, kwa sababu vifurushi havifanani: uliza kama fiziotherapia imo, vipindi vingapi, na kama inahitaji kibali.

Picha ni jambo linalowagharimu watu bure. Mgonjwa anatoka Kondoa au Mpwapwa na mgongo unaouma, anaona hajatibiwa mpaka apigwe eksirei au MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku). Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno picha hiyo mara nyingi haibadilishi matibabu, na pingili zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa chochote. Ila zipo dalili ambazo hazisubiri mazoezi: kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ganzi sehemu za siri, mguu unaozidi kuishiwa nguvu, au mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Hizi za mwisho zinaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Uso uliopinda ghafla pia ni wa daktari kwanza: huenda ni kiharusi, na hata kama ni mshipa wa fahamu wa uso tu, dawa zake hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72.

Sasa mashine, maana ndizo zinazopamba mabango. Umeme wa kubandika hupunguza maumivu kwa muda ili uweze kufanya mazoezi, hauponyi kilichoharibika. Pakiti ya moto huwekwa dakika 15 hadi 20, ikiwa imefungwa kwa taulo la tabaka kadhaa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua, kwa hiyo mtaalamu asiyepima hisia za ngozi kabla ya kuweka moto amekosea pakubwa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aseme mapema, kabla ya nyaya kuguswa. Kukanda kwa mafuta kunapendeza, lakini kama ndicho kipindi kizima, tafuta kwingine.

Tiba yenyewe ni mazoezi, na mengi utayafanya nyumbani. Chukua goti lililotoka kwenye plasta. Unakaa mkekani, mguu umenyooka, taulo lililokunjwa chini ya goti. Unalikandamiza taulo kwa kukaza paja, unahesabu hadi 5, unaachia. Mara 10, mizunguko 3, asubuhi na jioni. Baadaye unavuta kisigino taratibu kuelekea makalio. Kukaa kwenye kiti kunahitaji goti likunje karibu nyuzi 90, lakini choo cha kuchuchumaa kinadai zaidi ya 110, na ndiyo maana mtu huruhusiwa akiwa anatembea vizuri halafu akahangaika chooni kwake. Mwambie mtaalamu siku ya kwanza una choo gani, unachota maji umbali gani, unainama kwenye zabibu au unakaa ofisini. Lengo likiandikwa “apunguze maumivu” peke yake, huyo hajakuuliza.

Mazoezi yatauma kiasi. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: ukiyapa maumivu alama kati ya 0 na 10, yasizidi 4 au 5 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi palepale yalipokuwa. Yakibaki juu au goti likivimba, punguza idadi, usiache kabisa. Msuli huhitaji wiki 6 hadi 8 kupata nguvu inayoonekana. Wengi huacha wiki ya 2 maumivu yakipoa, kisha wanarudi na tatizo lilelile wakilaumu hospitali.

Anayetoka mbali aombe mazoezi 3 au 4 tu, arekodiwe kwenye simu yake mwenyewe akiyafanya, na arudi baada ya wiki 2. Hiyo inafaa kuliko nauli ya kila siku mbili.

Huduma ya nyumbani tunaipa alama ya juu kwa wagonjwa wa kiharusi, kwa sababu mtaalamu anaona kitanda, kizingiti na ndugu wanaohudumia. Akiwa hapo awafundishe kumgeuza mgonjwa na kumwinua bila kuvuta mkono uliopooza. Kuvutwa mkono huo kunaweza kulitoa bega mahali pake. Akimfanyisha mgonjwa peke yake na kuondoka, familia imepata nusu ya huduma.

Kuhusu malipo, usinunue kifurushi cha vipindi 10 kabla ya kuchunguzwa. Lipa kimoja kimoja mwanzoni, na ukifika kipindi cha 4 hadi cha 6 omba namba zipimwe upya mbele yako. Zisiposogea, mpango ubadilishwe au wewe urudishwe kwa daktari.